Shina la Mtukufu

Tambaa. Hiyo ndiyo amri ya kwanza na ya mwisho ya jani hili, na watu wa mji huu wameitii kuliko lenyewe.

Msinitazame hivyo. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulikagua kila adhuhuri, jani na mtu wake, na nikilitazama jani naona heshima, nikimtazama mtu naona kichefuchefu. Jani lenyewe halina makuu. Ni mmea mnene wa pwani, vijani vyake vimejaa maji kama vidole vya mtoto aliyeshiba, shina lake jekundu limelala juu ya tope la chumvi, mahali ambapo hata magugu yenye njaa yamekataa kuota. Halisimami, halijawahi kusimama. Likisogea mbele kidogo linatia mizizi, likishatia mizizi linasogea tena, na ukiulizwa lilianzia wapi huna jibu. Nasikia ukoo wake ni mkubwa. Ng'ambo huko wako ndugu zake wenye maua meupe, wapo warefu kidogo, wapo wafupi, lakini tabia ni ile ile: kunywa chumvi, kunyamaza, na kutoa ua dogo la rangi ya waridi saa ya jua kali, wakati watu wenye akili wamejifungia ndani. Likishafunguka saa chache linafumba, halisubiri sifa. Nani kati yenu anaweza hilo? Nyinyi mkipiga chafya mnangoja mpongezwe.

Sasa sikilizeni upumbavu.

Katika mji huu mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, hukatwa kipande cha jani hili kikapandwa kwenye Ukingo, yaani ule mgongo mrefu wa mchanga na tope uliopo kati ya mji na bahari, kikapewa jina la mtoto. Tangu siku hiyo mtoto hayupo pale anapolia. Yupo pale shina lake lilipo. Kila adhuhuri, maua yakishafunguka, mimi mnadi napita na fimbo yangu, shina kwa shina, mji mzima umesimama nyuma yangu ukitoka jasho. Nikiona ua, naita jina na kusema, "Yupo!" Mji unaitika, "Yupo!" Nikikuta shina limekufa, naita jina na kusema, "Hayupo!" Mji unaitika, "Ametangulia!" Basi. Kwisha. Mtu yule, hata akiwa amesimama mbele yako anajikuna, ni marehemu. Salamu yake haijibiwi. Akipiga hodi, waliomo ndani wanaangaliana. Na anayemwitikia amejishuhudia kwa kinywa chake kwamba na yeye ni maiti, na shina lake hung'olewa siku ile ile.

Muulizeni Pandu, fundi wa kuezeka. Shina lake lilikanyagwa na ng'ombe, nami nikasema hayupo. Wakati huo Pandu alikuwa juu ya paa la mtu, kamba mdomoni. Alishuka kuja kuuliza kelele ni za nini, akakuta analiliwa yeye. Mkewe alimpita amejifunika kanga, analia "mume wangu weee", akamkwepa kama anayekwepa nguzo. Pandu akakaa kwenye jamvi la matanga yake mwenyewe, akanyoosha mkono apewe kahawa, kikombe kikampita kikaenda kwa jirani. Mwishowe akajipakulia ubwabwa wa hitima yake, akala mpaka akashiba, akasema wazi kwamba nazi imepungua. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilicheka moyoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyemuua. Sasa anaishi nyuma ya Ukingo pamoja na marehemu wenzake, wanaokota kaa na kuni zilizoletwa na maji.

Kuna swali linalonisumbua, na kwa vile hakuna mtu hapa wa kuulizana naye, najiuliza mwenyewe. Mtu yupo kwa sababu gani? Kwa sababu anakula? Ng'ombe aliyemkanyaga Pandu anakula. Kwa sababu anakumbuka? Mimi sikumbuki vizuri. Baba yangu Vuai alikuwa mnadi kabla yangu. Kanzu ni ile ile, imeongezwa viraka, na sauti ni ile ile, imeongezwa kikohozi. Kuna siku watu huniita kwa jina lake nami naitika, na kuna adhuhuri nyingine naita jina la mtu aliyezikwa zama za babu na mtu huyo anajibu kutoka nyuma ya umati, amevaa viatu vipya. Siwezi kuapa kwamba kazi hii niliianza miaka thelathini iliyopita. Huenda nimeianza leo asubuhi.

Nipo kwa sababu nimetajwa.

Nimetajwa na nani? Na mimi.

Na kabla sijajitaja, aliyekuwa anajiandaa kunitaja ni nani? Ebo! Mambo haya ukiyawaza sana kwenye jua unaanguka.

Tuje kwa Mtukufu, maana najua ndiko mnakotaka kusikia. Mtukufu ndiye mtawala wetu. Hakuna aliyewahi kumwona kwa karibu, na tulimpenda mno, ndiyo faida ya kutomwona mtu. Shina lake lilipandwa katikati ya Ukingo, juu ya jukwaa la mawe, na kwa miaka mingi lilikuwa shina kama mashina mengine: linapigwa na jua, linarushiwa povu la bahari, linatoa maua. Halafu akaja Katibu.

Huyu Katibu jina lake Ussi, mtu mwembamba anayeinama hata akiwa peke yake. Yeye ndiye aliyetuletea mapenzi. Siku moja alisimama mbele ya umati akasema, kwa machozi, kwamba haiingii akilini shina la Mtukufu kunywa maji ya chumvi sawasawa na la mkwezi na la mvunja kokoto. Akatwaa ndoo ya maji matamu akaimimina. Jueni kwamba mji huu una kisima kimoja tu cha maji matamu, na kila nyumba hupewa ndoo moja kwa siku, ya kupikia, kunywa na kumwogeshea mgonjwa. Kesho yake watu watatu wakaleta ndoo zao. Kesho kutwa watu wakapigania zamu. Ikawa ndoo kumi na mbili kila siku, na waliobaki na kiu walijisifu kwa midomo iliyopasuka. Wakaongeza samadi. Wakaweka na paa la hariri, jua lisimchome.

Nami nawaambia, kila mtu katika mji huu anajua, tangu anaota meno ya kwanza, kwamba jani hili ukilipa maji matamu na kivuli umeliua. Mama zetu walijua, watoto wetu wanajua, Ussi anajua kuliko wote. Lakini nani aende akamwambie Mtukufu asipendwe? Kila mtu alijitia hamnazo akabeba ndoo. Mnadhani mimi sikubeba? Nilibeba mbili.

Vijani vikaanza kurefuka, vyembamba, vyeupe, kama vidole vya maiti. Maua yakakoma. Kisha shina likalainika, likawa rojorojo, likaanza kunuka. Na mimi kila adhuhuri nilisimama mbele ya uvundo ule, inzi wananiingia puani, nikapaza sauti: "Mtukufu yupo!" Na mji, mkono mmoja puani, ukaitika, "Yupo!"

Asubuhi moja Ussi akanijia barazani.

"Mnadi, hujambo?"

"Sijambo, Katibu."

"Unasikia harufu yoyote huko Ukingoni?"

"Harufu gani?"

"Vyema," akasema, akakaa. "Na mimi sisikii. Ila kuna watu wanaosema wanasikia. Mtukufu hafi. Hilo tunakubaliana?"

"Tunakubaliana."

"Basi lililooza si lake. Lilikosewa siku ya kupandwa, wakunga wa zamani walikuwa wazembe. Shina lake la haki liko pale pale Ukingoni, zima, lina maua tele, na kuna mtu amekuwa akiishi kwa shina hilo miaka yote hii."

"Kaliiba?"

"Tusifike huko. Tuseme aliazimwa." Akaanza kunyoosha mikunjo ya kanzu yangu kwa kidole, kama mke. "Ni lile la mwisho kabisa, upande wa mashamba ya chumvi."

Lile la mwisho ni la Mize, dada yangu wa tumbo moja. Lilipandwa mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu siku aliyozaliwa baba alikuwa amechoka hakutaka kutembea kwenda kutafuta pazuri. Halijapewa hata tone la maji na mtu yeyote. Ndilo linalotoa maua mengi kuliko yote, linatandaa hatua ishirini, na hata mimi nikilifikia mwisho wa kazi hupumzika hapo kidogo nikalitazama.

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwa adabu," alisema Ussi. "Leo adhuhuri utaita jina la dada yako, utasema hayupo. Kisha utaita la Mtukufu, pale pale, utasema yupo. Ni jambo la pumzi mbili."

"Na pumzi ikinikatika?"

"Mnadi," akasema kwa upole, akiinuka, "hivi shina lako wewe hukaguliwa na nani?"

Ningeweza kumtemea mate. Mate nilikuwa nayo, yalijaa kinywa. Nikayameza, nikamwambia ahsante kwa kunitembelea.

Nikaenda mashamba ya chumvi. Mize alikuwa ameinama anakwangua chumvi iliyoganda, na mwanawe Riziki, msichana mkubwa wa kuolewa, anaijaza kwenye pakacha. Mize ni mtu wa maneno. Akikosa mtu wa kuongea naye huongea na jembe.

"Shikamoo, kaka! Leo umetoka na jua? Mbona uso umekunjamana, mkeo kakunyima chai?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa maneno marefu ya kazini, nikataja wakunga, nikataja makosa ya upandaji. Alisikiliza ameegemea jembe. Nilipomaliza akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akajishika kiuno.

"Mimi niliazimwa uhai na Mtukufu? Lo! Mtu ambaye hata ungo hatujawahi kuazimana!"

"Si jambo la kucheka, Mize."

"Unataka nilie? Chumvi ya kutosha ninayo hapa, sihitaji kuongeza."

"Huko nyuma ya Ukingo si kubaya sana. Wana vibanda. Nitakuwa nakuwekea chakula juu ya jiwe, usiku nitakuja—"

"Utaniwekea. Ng'ombe pia huwekewa." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Nikikuita, utaitika?"

"Sheria inasema—"

"Sheria naijua, imenipita hapa kila siku imevaa kanzu ya baba. Namuuliza mtoto wa Vuai. Nikikuita, utaitika?"

Riziki aliacha kujaza pakacha. Alikuwa ananitazama na yeye.

"Na huyu mwanangu," akasema Mize, "nimemzaa peke yangu kwenye mkeka, baba yake kafa hajamwona. Nimwite asiitike? Apite pembeni yangu anikwepe, kama yule mwanamke alivyomkwepa Pandu? Kaka, kufa siogopi. Kila mtu atakufa. Lakini kukaa hai mwanangu anitazame kama nguzo, hilo sikubali, na anayenitaka nilikubali hana haya."

"Nitaangalia la kufanya," nikasema. Hivyo ndivyo watu wa mji huu wanavyosema hapana.

Mize alinitazama kuanzia kilemba mpaka ndara. Akasonya, msonyo mrefu, akarudi kuinamia chumvi yake.

Adhuhuri ilifika ikakaa. Nasema ilikaa, kwa sababu jua lilipanda mpaka utosini likakataa kushuka, na vivuli vyetu vikajificha chini ya nyayo. Mji wote ulikuwa Ukingoni. Walikuja na nguo za sikukuu, kwa kuwa Ussi alitangaza kwamba leo Mtukufu mwenyewe ataletwa kutambulishwa kwa shina lake la haki. Akaletwa, amebebwa kitini na askari wanne. Kumbe ni kizee. Miguu imevimba, pua inamtiririka, anaifuta kwa ncha ya joho, anauliza kila mara kama bado mbali. Watu wakalia kwa furaha. Huyo ndiye tuliyewanyima watoto wetu maji kwa ajili yake! Nilimtazama nikatamani kucheka, nikatamani na kujipiga vibao.

Tukafika kwenye shina la mwisho. Maua yalikuwa yamefunguka yote, mamia, hatua ishirini za waridi juu ya tope jeusi. Ussi alikuwa tayari na kitambaa chekundu cha kulifungia. Akanifanyia ishara. Nikainua fimbo.

Hapo ndipo Mize alipopenya umati. Kichwani ana chungu, ndani ya chungu ana mafiga matatu, kwapani ana kuni. Wanawake wakadhani amekuja kuaga wakaanza kumlilia, machozi yale ya bure wanayoyatoa kirahisi. Mize akatua mzigo, akakunja kanga magotini, akalishika shina lake kwa mikono miwili akaling'oa.

Mji ulipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Yeye akaendelea. Kila mahali lilipotia mizizi alivuta, mizizi ikakatika, akalikunja mkononi kama kamba ya kuanikia nguo. Akafika mwisho, akarudi, akapanga mafiga, akawasha moto.

"Mwanamke!" Ussi sauti ilimkauka. "Unafanya nini?"

"Napika."

"Unapika nini?"

"Mboga." Alikuwa anachuma vijani anavitia chunguni. "Hii ni mboga, Katibu. Bibi yangu aliipika kabla nyinyi hamjaipa vyeo. Unaichemsha, unamwaga maji ya kwanza, chumvi inatoka. Unaichemsha tena. Halafu unatia tui. Ndiyo hivyo tu, haina siri."

Akaenda kwenye jukwaa la Mtukufu, akachukua moja ya zile ndoo kumi na mbili za maji matamu, akarudi nayo, akamimina.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyemzuia. Askari walikuwapo, wana marungu. Lakini subirini muone akili za watu wangu. Askari walisimama wakanitazama mimi. Kama Mize hayupo, basi ni maiti, na maiti haambiwi acha, hashikwi mkono, haonekani. Na kama yupo, basi shina ni lake, na mtu na shina lake, nani amwingilie? Watu elfu kadhaa walisimama na jambo hilo kichwani huku maji yakianza kuchemka. Niliona sheria yetu inajikaba koo mwenyewe, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi kiasi kile.

"Mnadi, ita!" Ussi alikuwa anatokwa jasho. "Ita upesi!"

Niite nini? Ussi alijua? Hakujua. Alitaka tu pawe na tangazo, kwa sababu mtu wa aina yake bila tangazo hajui aelekee wapi. Na mimi? Ningeweza kusema yupo. Neno lilikuwa tayari, ni fupi, lingetoshea popote. Mize aliinua uso kutoka kwenye moshi akaningoja. Hakuomba. Aliningoja tu, kijiko mkononi.

"Mize binti Vuai," niliita, na sauti ilikuwa ya baba kabisa. "Hayupo!"

"Ametangulia!" Mji uliitika kwa pumzi moja, kwa faraja, kama watu walioruhusiwa kukaa.

Mize akainama akapuliza moto.

Laiti ningeishia hapo. Lakini kinywa changu kina mazoea, kikishafunguka kinakwenda na mstari. Fimbo ikaelekea lilikopaswa kuwapo jina la pili. Kilichokuwapo kwenye lile tope ni mashimo ya mizizi, na kule nyuma jukwaani ni rojo na inzi. Ningependa kuwaambia kwamba nilikusudia, kwamba nilikuwa shujaa. Uongo. Niliona shina halipo, nikasema ninachosema kila siku nikiona shina halipo.

"Mtukufu," nikaita. "Hayupo!"

"Ametangulia!" mji ukaitika.

Waliitika wote, wazee kwa watoto, askari waliombeba, na Ussi sauti yake niliisikia waziwazi. Kisha tukatazamana. Neno la Ukingoni halirudi, na tulikuwa tumelisema sote.

"Wamesema nini?" kizee kiliuliza kutoka kitini. "Ussi, mwanangu, wamesema nini?"

Ussi alitazama bahari. Alikuwa na shughuli nayo sana, bahari hiyo. Askari wakakitua kiti chini, taratibu, wakarudi nyuma hatua tatu wakijifuta mikono.

"Ussi! Mimi nakwita!"

Ussi alikwisha kugeuka. Alikuwa ananong'ona na wakubwa kwamba mji haukai bila kichwa, na kwamba, kwa bahati, shina lake yeye lina afya njema. Kilemba cha ukoka alichomvika mwenzake miaka yote, leo anakitaka kichwani mwake mwenyewe. Mtukufu akashuka kitini kwa tabu. Akaanza kupita mbele ya watu, joho linaburuta tope, anawatolea salamu mmoja mmoja. "Hamjambo? Hujambo, bwana? Mama, hujambo?" Wale waliolia kwa furaha kumwona walikuwa wanachungulia kucha zao. Alipita mbele yangu pia. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Hatujambo, baba," sauti ikatoka kwenye moshi. "Karibu. Kaa hapa, mboga inaiva."

Alikuwa Mize. Kizee kikasogea, kikakaa chini kama gunia.

"Wewe ni nani, binti?"

"Kwa maneno ya Katibu, mimi ndiye wewe. Nyoosha miguu, imevimba. Umekula tangu asubuhi?"

"Sijala."

"Haya."

Chungu kilichemka. Siwezi kusema ni kwa muda gani. Jua lilikuwa pale pale, lakini nilihisi ndevu zangu zinaota, na viatu vipya vya watu wa nyuma vilichakaa nikiviona. Mize alimwaga maji ya kwanza, akatia ya pili. Harufu ikavuka Ukingo, na marehemu wakaanza kujitokeza, mmoja mmoja, wenye chumvi kwenye nyusi. Pandu alikuja na tui ndani ya kifuu, amelikamua mwenyewe. Wakakaa kukizunguka chungu, wakasalimiana kwa majina, wakaulizana habari za magoti na habari za kaa. Pandu alionja akasema leo nazi haikupungua, na Mtukufu, bila kujua wanacheka nini, akacheka nao. Upande wetu, upande wa walio hai, tulisimama na nguo zetu za sikukuu, tumekauka koo, matumbo yananguruma kama mawe ya kusagia, tunatazama mahali ambapo kwa sheria hapakuwa na mtu.

Mize akapakua. Akainua kichwa.

"Riziki!"

"Abee, mama!"

Lilitoka lenyewe. Msichana hakupata hata muda wa kufikiri. Akajiziba mdomo kwa mkono, na watu waliokuwa karibu naye wakajitenga kama waliomwagikiwa na uji wa moto. Kisha akautoa mkono mdomoni, akavua viatu vyake, akatembea kwenye tope mpaka kwa mama yake, akakaa. Mize akampa sahani, akamwambia apulize kwanza.

"Kaka!"

Sasa ilikuwa zamu yangu.

"Kaka, njoo ule, inapoa."

Naam. Ndilo jibu, hakuna jingine. Mtoto wa miaka miwili analisema vizuri. Nililitengeneza kinywani, nikaliweka kwenye ulimi. Nilikuwa na njaa mpaka naona nyota. Nilikuwa nimewadharau watu wa mji huu maisha yangu yote na maisha ya baba yangu, woga wao, ndoo zao, machozi yao ya kukopa, na dharau hiyo ndiyo iliyonifanya nijione mrefu kuliko wao. Nikamtazama Ussi. Ussi alikuwa ananitazama, ameinama kidogo, anatabasamu, anasubiri aone.

"Kaka! Wewe, mtoto wa Vuai!"

Nikatazama kucha zangu.

Mtukufu alikuwa na mboga mdomoni. Alinielekezea kidole kilichojaa tui. "Yule bwana wa fimbo hasikii?"

Mize alifuta vidole vyake kwenye kanga. Hakunitazama tena. Alikuwa anaigawa sahani yangu, nusu kwa Pandu, nusu kwa kizee.

"Mwache, baba," alisema. "Marehemu haitikii."

Ussi akanigusa bega, akaniambia niendelee. Nikainua fimbo. Jina lililobaki lilikuwa langu, maana mnadi hujiita mwisho, baada ya wote. Nikaliita, nikasema yupo, na mji mzima ukaitika, "Yupo!"